Uzi Mwekundu Upande wa Ukuta

Liège, 13 octobre 1963

Papa wangu mupenzi,

Assalaam aleikum. Mimi niko muzima, mafua tu ndiyo inanisumbua toka baridi ianze. Wewe uko namna gani? Magoti yako je? Na ule mukohozi wa asubuhi? Nisalimie watu wote wa Tshopo, na papa Valère, rafiki yako muvuvi, na jamaa yake kule ku maporomoko.

Papa, pasi yako haipati moto. Naapa! Ulinifungia pasi ya umeme mu malle ya safari, ukasema binti wa fundi wa nguo hawezi kusimama mbele ya Wazungu na makunyanzi, nikaibeba na uzito wake wote mpaka mukono ukauma wiki nzima. Bon. Fiche yake, ile meno ya kamba, inaingia mu prise ya ukuta ya hapa vizuri kabisa, sawa vile kwetu. Lakini naingiza, nangoja, naweka kidole: vuguvugu. Sawa maji ya kuogesha mutoto. Blouse yangu nyeupe ya école ya infirmières, shule yetu ya wauguzi, inabaki na makunyanzi, na monitrice, mwalimu wetu wa mazoezi, ananiangalia toka chini mpaka juu kama vile nimelala ndani ya gunia.

Madame Delphine, yule mama anayenipangisha chumba, anasema mu nyumba yake courant, umeme, ni ya volts 110, na pasi yetu imeandikwa 220 kule chini. Mimi nilifikiri courant ni courant, popote ulipo. Wewe ulijua kama inatofautiana?

Niandikie upesi. Huku watu wanatembea mbio, tramu inapita mbio, ni barua tu ndiyo inakuja kwa miguu. Nimechoka kungoja. Nimechoka na viazi pia.

Mutoto wako,
Kadidja


Kisangani (lakini ku bahasha uandike Stanleyville, posta bado wanataka vile), 9 novembre 1963

Kwa mutoto wangu Kadidja,

Wa aleikum salaam. Barua yako nimesoma, nikamusomea na Valère, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi ni muzima. Magoti iko palepale, mukohozi umehamia kwa jirani. Mama yako, Mungu amurehemu, namukumbuka sana siku ile mashine inakamata uzi na hakuna mutu wa kunicheka.

Sasa wewe. Unaniambia mimi kama pasi yangu ni mbovu? Ile pasi imenyoosha kanzu za Idi za muji muzima! Haijakataa kazi hata siku moja. Kama imekataa huko, basi shauri ya huko. Hapa barrage, bwawa la umeme, iko karibu na nyumba, courant inatoka mu maji ya Tshopo bado bichi, ikifika inachoma. Huko kwenu inatoka mbali, inafika imechoka.

Lakini nimemuuliza mutu mmoja anayetumika kule barrage. Amesema iko sanduku, wanaiita transfo, inaweza kupandisha courant ama kuishusha. Nunua moja. Mais ninakuomba, usichukue ile ndogo nzuri. Toka utoto unapenda vitu vidogo vizuri, na vyote vinavunjika.

Ukiipata, funga uzi mwekundu ku kamba ile inaingia ku ukuta. Unajua kwetu kila kitambaa nafunga uzi mwekundu upande wa ndani, ule usioonekana kwa nje, babu yako alifanya vile, na baba yake. Wewe uliwahi kudharau ule uzi, ukashona suruali ya watu mifuko nje. Usisahau.

Neno la mwisho. Usinililie mambo ya viazi. Siku ile ku uwanja wa ndege wa Simi-Simi nilisema mbele ya watu wote: mikono yako si ya sindano tena, ni ya kutibu watu. Usirudi bila diplôme.

Papa yako,
Nassoro


Liège, 2 février 1964

Papa wangu,

Nakuamkia kwa heshima, na kwa haya kidogo. Mimi niko muzima. Wewe na magoti yako je? Papa Valère ameacha kucheka?

Nilichukua ile ndogo nzuri.

Usiseme kitu, nakusikia toka huku! Ilikuwa nyeusi, inang'aa, inaingia mu mukono mmoja. Muzee wa duka aliniuliza: ni ya kufanyia nini? Mimi kwa kiburi nikasema ni ya safari tu. Kumbe ilikuwa ya mashine ya kunyolea ndevu. Papa, kila kitu inakula courant kwa kiasi yake. Mashine ya ndevu inakula kidogo, redio kidogo, pasi inakula sawa mujomba ku arusi. Nikaingiza pasi. Kwanza ikapata moto, nikashangilia peke yangu mu chumba. Kisha nikasikia harufu. Kisha moshi. Madame Delphine akapanda ngazi akipiga kelele, akafungua madirisha yote, baridi ikaingia, mimi nikalia. Alors naye akanionea huruma, akanipa kahawa.

Ni vile tulianza kuzungumza. Marehemu bwana yake aliacha redio, na yeye hataki tena kuisikia. Amenipa nikutumie wewe. Redio ni ya 110, na kwenu iko 220, donc safari hii nilirudi kwa yule muzee nikamwambia kila kitu, hata vile nilidanganya. Amenipa transfo ya kushusha courant. Kubwa, nzito, sura mbaya. Utaipenda.

Célestin, yule kijana wa Mangobo aliyemaliza masomo, anakuja nayo kwa ndege. Sikia vizuri. Kamba ya uzi mwekundu inaingia ku ukuta. Redio inaingia upande wa uzi mweupe. Ile sanduku italia mmmmm yenyewe, usiogope, ni tabia yake. Usiingize redio ku ukuta moja kwa moja, itakufa palepale. Na ukijaribu kutia ile pasi yako ingine, kubwa uliyobaki nayo, ku hiyo sanduku, itabaki vuguvugu sawa vile hapa kwangu, na ukiiacha sanduku itaanza kunuka. Nimeshajua ile harufu, sitaki uijue wewe.

Mutoto wako asiyesikia,
Kadidja


Kisangani, 7 juin 1964

Kwa Kadidja, binti yangu,

Salaam nyingi. Uko muzima? Mafua imekwisha? Sisi hapa tunapumua.

Redio inasema! Toka Célestin aiweke juu ya meza ya kukatia nguo, mu nyumba hakuna tena nafasi. Jioni watu wanajaa mpaka ku barza, na kila mutu anataka nigeuze kwa lugha yake. Ile sanduku yako inalia mmmmm chini ya meza, Valère anasema inasali. Nimeacha uzi mwekundu vile ulifunga. Umefunga vizuri, fundo la fundi.

Juu ya Valère nikuchekeshe kidogo. Alikuja na suruali imepasuka, nikamwambia nashona kesho, yeye akakamata sindano mwenyewe. Wé! Alishona sawa vile wanatengeneza nyavu kule ku maporomoko, fundo moja, anavuta, fundo ingine, anavuta. Suruali haitapasuka tena, lakini akikaa anaumia. Nimeitundika mu atelier, ku ukuta pale ninaposhonea, watu waione.

Cheko imekwisha hapo. Mimi silali vizuri, mutoto wangu. Nashika kazi, naiacha, narudi ku redio, nageuza, nageuza. Wanasema watu wa uasi wameshika miji kule mashariki na wanakuja huku, na vijana wetu ku soko wanasema ni indépendance ya pili, kwa sababu ya kwanza haikutupa kitu. Labda wana haki. Lakini mimi niliona namna ya kwanza ilifika, na nani alilipa. Wateja wanaleta nguo, hawarudi kuzichukua.

Wewe soma. Usisome magazeti, soma vitabu vyako.

Papa yako,
Nassoro


Liège, 19 juillet 1964

Papa,

Salaam. Niko muzima, siulizi magoti leo, nauliza kitu kimoja tu: unangoja nini? Magazeti nimesoma, ndiyo, nimekataa amri yako. Nenda Banalia kwa shangazi Asha, ukae huko mpaka mambo itulie. Kata nguo za watu wa Banalia, nao wanavaa.

Ukienda, usibebe ile redio. Na sanduku usiibebe kabisa. Mutu asiyeijua akiiona na nyaya zake atafikiri ni phonie, ile mashine ya kusema na ndege. Hapa wanaandika kama watu wanakamatwa juu ya phonie. Kama mutu anaitaka redio, umupe, lakini umwambie aichukue pamoja na sanduku. Bila sanduku itaungua, na atasema ni wewe.

Sijui kwa nini naandika mambo ya volts wakati moyo wangu unanipiga vile. Nafikiri ni kwa sababu ndiyo kitu pekee nilichokutumia. Nijibu! Hata neno moja.

Mutoto wako,
Kadidja


Liège, 6 septembre 1964

Papa,

Hakuna jibu. Wanasema muji umeshikwa toka mwezi wa nane. Sijui kama uliondoka. Sijui kama barua yangu ilifika. Naenda posta kila siku, yule mwanamke wa guichet, pale ku dirisha la barua, akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Uko muzima? Nauliza sawa vile tunauliza siku zote, lakini leo ni swali.

Kadidja, mutoto wako


Liège, 29 novembre 1964

Papa,

Barua yangu ya mwezi wa tisa imerudi. Wamepiga cachet juu yake, service suspendu, kazi ya barua imesimamishwa. Hii naandika bila kujua nitaitia wapi.

Magazeti ya hapa yanasema Stanleyville, Stanleyville, kila ukurasa. Ndege zimeshusha askari. Kuna picha, na mu picha ni Wazungu tu, wanashuka, wanalia, wanakumbatiana. Nawaonea huruma, kweli. Lakini mimi naangalia nyuma yao, kule mwisho wa picha, kama nitaona kofia yako. Madame Delphine amenipa lupu ya bwana yake, kioo cha kukuza. Jana nilikosa mu mazoezi, nilifunga bandeji ku mukono usioumia. Monitrice alipiga kelele, kisha akaifungua mwenyewe taratibu, nafikiri mutu alimwambia natoka Stanleyville.

Kama ile sanduku imekuletea shida, sitajisamehe.

Mutoto wako


Kisangani, 17 janvier 1965

Kwa binti yangu Kadidja,

Salaam aleikum. Papa yako iko hai. Nimeanza na hilo kusudi usiruke mistari. Mwandiko usiuangalie, kalamu ni mbaya na meza imevunjika mguu. Wewe uko muzima? Unakula?

Barua yako ya Banalia ilifika, na mimi sikwenda. Nilikuwa na nguo za watu mu atelier. Ukasirike ukifika mwisho.

Wale vijana wa uasi walikuja mwezi wa tisa, wakachukua redio. Nikafanya vile uliandika, nikawakimbilia mpaka njiani: wanangu, chukueni na sanduku, bila sanduku redio itakufa! Mmoja akarudi ndani kuishika, ilikuwa bado imeingia ku ukuta, inalia mmmmm, akaruka nyuma. Mganga wao alishawakataza kushika kitu inanguruma yenyewe, dawa yao itatoka mu mwili na risasi itaingia. Akaniambia: muzee, unataka kutuua. Wakacheka, wakaenda.

Bon. Kesho yake wakarudi na hawacheki tena. Redio ilitoa moshi mbele ya mukubwa wao. Wakasema nimeitia dawa mbaya, na ile sanduku ni phonie, ninaita ndege. Wakanipeleka mjini mu nyumba moja ya Wazungu waliokimbia. Watu walioingia mle kabla yangu juu ya phonie, nilijua kama hawakurudi kwao. Valère alinifuata kwa mbali, mutu mukubwa vile, anajificha nyuma ya miti myembamba.

Mukubwa wao alikuwa kijana, labda wa umri wako. Akasema: onyesha kazi ya ile sanduku. Ukishindwa, imekwisha. Nitaonyesha na nini? Redio imekufa. Nikaomba maji, nikawaza mambo yako yote, na nikakumbuka ile vuguvugu. Nikasema: mwacheni rafiki yangu alete sanduku na pasi yangu kubwa. Wao hawakutaka kushika sanduku, Valère ndiye alibeba.

Nikawaambia: phonie inasema, hii haisemi. Kazi yake ni kupunguza courant. Nikaingiza uzi mwekundu ku ukuta, pasi upande wa uzi mweupe. Tukangoja. Nikaweka kiganja juu ya pasi, nikakiacha hapo, nikawaangalia. Vuguvugu, sawa vile uliandika. Pua yangu ilikuwa inatafuta ile harufu yako, na ilianza, Kadidja, nilichomoa upesi kabla hawajaisikia.

Yule kijana akasema pasi yenyewe labda imekufa. Nikaiingiza ku ukuta moja kwa moja. Nikatema mate juu yake, ikaruka, tsss. Akasema mate ni ujanja wa mafundi, weka mukono vile uliweka kwanza. Bon. Nikaweka. Kidogo tu. Wakaamini, wakaniacha nirudi. Mukono uliungua kidogo, umepona, nashona sawa zamani.

Mwezi wa kumi na moja, askari walipofika, tulijificha kwa Valère ku maporomoko. Watu mingi wamekufa, kwanza kwa hawa wa uasi, kisha kwa wale askari. Majina yao sitayaandika, wengine unawajua, utayasikia ukifika.

Mutawa mmoja, Sœur Marceline, anakuja Liège kutibiwa, anakuletea kitambaa cha kichwa. Nimekushonea mwenyewe, uone kama niko sawa. Maliza masomo. Usirudi bila diplôme, neno langu halijabadilika.

Papa yako,
Nassoro


Liège, 21 février 1965

Papa wangu,

Assalaam aleikum. Uko hai. Niliposoma mustari wa kwanza nilikaa chini ku ngazi za posta, na yule mwanamke wa guichet alitoka nje akakaa na mimi. Mungu ashukuriwe. Shukrani kwa papa Valère pia, nitamushukuru mwenyewe kwa magoti.

Sasa nikuambie. Wewe papa hujui kudanganya, hujajifunza.

Barua yako yote inaangukia upande wa kushoto. Hiyo si kalamu mbaya, ni mukono wa kushoto. Na kitambaa nimepokea. Nimekigeuza, nikatafuta uzi mwekundu, haupo. Nikaangalia mishono: fundo moja, imevutwa, fundo ingine, imevutwa. Papa, hiki kitambaa kinaweza kuvua samaki! Papa Valère amekishona, na wewe ulikaa pembeni ukimwambia afanye taratibu. Ninakiona kwa macho yangu, nacheka, kisha nalia, Madame Delphine hajui anipe kahawa ama leso.

Nasoma mambo ya mikono mwaka wa pili sasa. Kiganja kilichowekwa juu ya pasi mbele ya watu wanaosema bado, bado, hakiungui kidogo. Ngozi inakaza, vidole vinajikunja ndani, na kama hakuna mutu wa kuvinyoosha kila siku, vinabaki vile. Usiniandikie kama havijajikunja. Nimeona ku bahasha yako vile ulishindwa kuifunga.

Ni mimi nilituma ile redio. Ni mimi niliandika ile vuguvugu. Moja ilikupeleka mle ndani, ingine ilikutoa, na sijui nifanye hesabu gani hapo, nimeiacha.

Nimesema na monitrice. Nafasi yangu ya masomo labda itaningoja, labda haitaningoja, hakutaka kuahidi na mimi sikumubembeleza. Kunyoosha vidole nimeshajifunza, kwa hiyo karatasi haihitajiki. Napanda ndege mpaka Léopoldville, kisha nangoja ile ya Simi-Simi hata kama ni mwezi. Ulisema nisirudi bila diplôme. Nimekusikia, papa, na narudi.

Pasi nimemwachia Madame Delphine. Mu nyumba yake haiwezi kuchoma mutu.

Usijibu, jibu litanikosa. Tafuta mafuta ya mashine, uitie, toa ile suruali ya papa Valère ukutani watu wasifikiri ndiyo kazi yetu. Nguo za wateja ambazo hawajachukua, uzifunge uzi mwekundu upande wake, kwa mukono wa kushoto, hata ukichelewa. Mikono ya kushona nakuja nayo mimi.

Mutoto wako,
Kadidja